Kifaa cha mazoezi ya kuvuta pumzi kwa wenye presha: angalia springi kabla ya kununua

Ni kifaa cha kushika mkononi: mdomo wa plastiki, vali, springi na kitasa cha kuzungusha. Ukivuta pumzi, vali haifunguki mpaka uishinde springi. Ukitoa, hewa inapita bila kizuizi. Kazi kubwa inabebwa na kiwambo, yaani msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, na misuli ya mbavu.

Imani yetu kwa zoezi hili inatokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder wa 2021. Watu 36 wa miaka 50 hadi 79 walivuta pumzi 30 kwa siku, siku 6 kwa wiki, kwa wiki 6. Presha ya juu, ile namba ya kwanza, ilishuka kwa wastani wa milimita 9 za zebaki kwa waliovuta mzigo mzito, yaani asilimia 75 ya nguvu zao zote. Mzigo mwepesi haukuleta matokeo hayo.

Hapo ndipo vifaa vingi vinapokwama. Threshold IMT, kwa mfano, ni imara na rahisi kutumia, lakini kipimo chake kinaishia sentimita 41 za maji, kizio cha nguvu ya kuvuta pumzi. Mwenye nguvu ya kuvuta 80 anahitaji 60, yaani ile asilimia 75. Kinamfaa mwenye misuli dhaifu. Wengine watafute chenye springi nzito zaidi, au cha elektroniki kinachopima nguvu yako chenyewe. Kile chenye mipira mitatu inayopanda si mbadala: kinaonyesha kasi ya hewa, hakina springi ya kushindana nayo.

Keti wima, bana pua, ziba mdomo wa kifaa kwa midomo yako. Toa pumzi mpaka mwisho, kisha vuta kwa nguvu na kwa haraka hadi kifua kijae. Toa taratibu. Pumzi 6, pumzika dakika moja, rudia mpaka seti 5. Anza na nusu ya nguvu zako, uongeze kila wiki. Mzigo ukiwa sawa, pumzi ya tano na ya sita zinakutoa jasho, lakini vali bado inafunguka.

Mashavu yakibonyea ndani, unafyonza kwa mdomo na kiwambo kimelala. Mabega yakipanda, punguza mzigo. Kizunguzungu mara nyingi hutokana na kutoa pumzi haraka na kuunganisha moja na nyingine. Acha zoezi kwanza, pumua kawaida, kisha endelea polepole.

Ambaye pafu lake limewahi kuvujisha hewa kifuani, aliyetoboka ngoma ya sikio au aliyefanyiwa upasuaji karibuni amwone daktari kwanza. Dawa za presha usiziache. Pima presha asubuhi kabla ya zoezi, siyo mara tu baada yake.

Kioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ukikaushe kabisa, na usimwazime mtu: mate hubaki kwenye vali, na vali yenye uchafu inavujisha hewa, hivyo mzigo unapungua bila wewe kujua.