Mitambo ya upepo: ya kampuni kubwa au ya wenyeji?

Eneo likiamua kuachana na makaa ya mawe na dizeli, swali gumu ni hili: mitambo mipya iwe ya nani?

Kampuni kubwa huja na mtaji na mafundi wake, na ujenzi huenda kasi. Lakini faida huondoka na wenye hisa. Wenyeji huachiwa malipo ya kukodisha ardhi na mvumo wa mapangaboi.

Kisiwa cha Samsø, Denmark, kilikwenda njia nyingine. Mwaka 1997 kilishinda shindano la serikali la kugeukia nishati jadidifu. Kufikia 2003 kilikuwa na mitambo 11 nchi kavu na 10 baharini, ikiwemo ya wakulima, ya ushirika na ya manispaa. Nyumba nyingi hupashwa joto kwa kuchoma mabua ya nafaka. Kwa mwaka, umeme unaozalishwa huzidi unaotumika, ingawa wasifiaji husahau kebo ya kwenda bara: upepo ukitulia, ndiyo inayookoa jahazi.

Ushirika huchosha kwa vikao. Hata hivyo, kwa mitambo ya nchi kavu ningeuchagua, maana mtu hapingi kirahisi mtambo unaomlipa gawio. Ya baharini, yenye gharama kubwa, kampuni ichukue, mradi wenyeji watengewe hisa.