Mashudu ya alizeti yenye pamba ndani: yaliyonikuta

Naanza na sifa ili nisionekane nina chuki na mtu. Mashudu ya alizeti, yale makapi yanayobaki mbegu zikishakamuliwa mafuta, ni chakula kizuri kwa kuku. Nafuga kuku wa mayai kama mia mbili hapa Mwanza, na tangu nianze kuyachanganya na pumba, paraza, dagaa na chokaa, gharama ilishuka na manyoya yakawa yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Na kweli ni mafuta. Hizi mashine ndogo hazikamui zikamaliza. Ukiyafinya mashudu mazuri kiganjani, mkono unabaki unateleza. Nilikuwa nayapigia debe kwa kila mfugaji.

Ninayemsema leo ni aliyeniuzia. Kiwanda sikitaji. Wanakamua alizeti, na pamba ikiingia wanakamua mbegu za pamba, mashine zile zile.

Basi kipindi fulani baada ya masika nikachukua magunia sita. Wiki tatu hivi baadaye, kijana wa chipsi ninayemuuzia trei akanipigia: "Mama Mayai, njoo uone mwenyewe." Akapasua yai mbele yangu kwenye bakuli. Kiini kilikuwa kijani cha kahawia, rangi ya maji ya mchicha uliolala, na ute umepiga pinki. La pili, vile vile. Wateja wako kwenye benchi wanatazama. Mmoja akanyanyuka akaenda zake.

Na mimi, Mungu anisamehe, nikamgeuzia kibao yeye. Nikamwambia ameyaanika juani, au amechanganya mayai ya watu wengine kwenye trei zangu. Maana nyumbani tulikuwa tunakula mayai hayo hayo kila asubuhi, viini safi kabisa. Sikujua kwamba yai la leo linaweza lisionyeshe kitu, rangi ikaja kujitokeza likishakaa. Mimi nakaanga la asubuhi, yeye anakaa na trei wiki nzima.

Afisa mifugo wa kata hakuuliza mengi. "Mashudu unachukua wapi?" Tukamwaga gunia kwenye turubai. Maganda ya alizeti yenye mistari myeusi na myeupe yalikuwepo, lakini katikati yake kulikuwa na vipande vya ganda jingine, jeusi tupu. Akachomoa kwa vidole viwili kinyuzi cheupe, laini, akaniwekea kiganjani. Pamba! Akanieleza kuwa mbegu ya pamba ina sumu inaitwa gosipoli, ikiingia kwenye kiini inashikana na madini ya chuma yaliyomo, ndiyo rangi inageuka. Na yale mafuta ya pamba yanayobaki kwenye mashudu ndiyo yanayoupaka ute pinki. Yaani mafuta yale yale niliyokuwa nayasifia, ila ya mbegu nyingine.

Nikakifunga kinyuzi kwenye karatasi, nikapanda bajaji mpaka kiwandani. Kijana wa mizani yuko na simu yake, macho hainui. "Mama, kuku wako watakuwa wamekula majani." Majani gani? Kuku wangu hawajawahi kutoka bandani! Nikafungua karatasi, nikamwekea kinyuzi mezani. Akakipuliza. Nawaambia alikipuliza, fuu, kikapotea sakafuni, halafu akaniuliza, "Kiko wapi sasa?"

Nimejaribu kumtetea kichwani. Labda hawakukusudia, labda ni mabaki ya mashine, sakafu haikufagiwa vizuri. Mabaki ni ndoo moja, haya, ndoo mbili. Magunia sita yote? Na kama ni bahati mbaya, ulipuliza ya nini? Hapana. Nilishataka kuandika kwamba nimewasamehe, nafuta.

Nilitaka pia kuwaambia msinunue mashudu kabisa. Nilikaa karibu mwezi bila kuyatumia, nikanunua soya, bei ikanikimbiza mwenyewe. Sasa nachukua ya Singida kwa mtu mwingine, namwaga kila gunia kwenye turubai, napekua kama natafuta chawa. Ni mazuri. Na kinachoniudhi zaidi, mafuta ya kupikia ya wale mabwana ni mazuri pia, dumu lao liko jikoni kwangu hadi leo.

Magunia manne yaliyobaki nilimpa jirani mwenye ng'ombe. Ng'ombe mkubwa pamba haimtishi kama kuku, na jirani kila tukikutana ananishukuru, hajui nilivyokuwa nalia. Viini vilirudi kawaida baada ya wiki kadhaa. Kijana wa chipsi nilimwomba radhi, nikamlipa trei zake zote, na biashara inaendelea. Ila mayai yangu anayapasulia kwenye kikombe kwanza, moja moja, anachungulia, ndipo anamwagia kwenye chipsi.