Ukomo wa vifaa katika Snipe-IT: hesabu inayoanzia kwenye risiti

Anayeanza kusimamia vifaa vya TEHAMA kwa programu ya Snipe-IT hukutana na suala la ukomo mapema, pale anaposajili modeli ya kwanza na kukuta kisanduku kinachomtaka aandike idadi ya miezi ambayo modeli hiyo inatarajiwa kutumika. Akiandika 60, kila kifaa cha modeli hiyo hupewa tarehe ya ukomo kwa kuongeza miezi 60 kwenye tarehe ya ununuzi, na kifaa ambacho tarehe yake ya ununuzi haikujazwa hakipati hesabu hiyo. Programu hii ni huria, unaweza kuiweka kwenye seva yako mwenyewe, na kwa kazi ya kujua kifaa gani kiko kwa nani imeniridhisha. Tathmini hii inahusu kisanduku hicho cha miezi tu, kwa kuwa watu wengi hukijaza haraka na baadaye wakaiamini tarehe inayotokea kupita kiasi.

Hesabu yenyewe haina kosa. Kinachopaswa kueleweka ni kwamba inapima umri wa kifaa tangu kiliponunuliwa, ilhali mtengenezaji hajali risiti yako ina tarehe gani. Chromebook, yaani kompyuta mpakato zinazotumia mfumo endeshi wa Google, ni mfano mzuri. Mnamo Septemba 2023 Google ilitangaza kwamba zitapewa masasisho kwa miaka 10, lakini miaka hiyo huhesabiwa tangu jukwaa la maunzi lilipotolewa, si tangu mteja alipolipa. Sasa chukua Chromebook mbili za modeli moja, ya kwanza iliyonunuliwa tarehe 15 Machi 2020 na ya pili tarehe 15 Machi 2023, kisha uweke miezi 60 kwenye modeli: Snipe-IT itaonyesha ukomo wa 2025 kwa ya kwanza na 2028 kwa ya pili, ingawa masasisho ya zote mbili yatakatika siku moja. Mwenye kupanga bajeti kwa kutazama safu hiyo peke yake ataibadilisha moja mapema mno, au ataiacha nyingine ikitumika bila kinga.

Programu inatoa njia ya kurekebisha hilo, kwani tarehe ya ukomo inaweza kuandikwa kwa mkono kwenye kifaa kimoja kimoja, au kuingizwa kwa faili la CSV, yaani jedwali lililohifadhiwa kama maandishi ya kawaida. Ila ukishafanya hivyo, kifaa hicho kinajitenga na modeli yake: ukibadilisha idadi ya miezi baadaye, vifaa vilivyohesabiwa na programu vitafuata, na vile vilivyoandikwa kwa mkono vitabaki palepale. Naona uamuzi huo ni sahihi, maana tarehe aliyoiweka mtu kwa makusudi haipaswi kufutwa kimyakimya. Sisi tuliujua kwa gharama ya asubuhi nzima. Tuliongeza miezi ya modeli moja ya kompyuta mpakato kutoka 48 hadi 60, kisha tukashangaa kuona baadhi yake zikidai kuisha mwaka mmoja kabla ya wenzake waliofika kwenye shehena ileile, hadi tulipokumbuka kwamba tarehe zake tulikuwa tumeziingiza wenyewe kutoka kwenye lahajedwali la zamani. Kosa lilikuwa letu.

Waranti na uchakavu wa kihasibu vina sehemu zake, tena zimetenganishwa vizuri na ukomo, jambo ambalo mhasibu atalishukuru kuliko fundi. Kinachobaki bila makazi ni mwisho wa msaada wa mtengenezaji, na hasa ule wa mfumo endeshi, ambao mara nyingi ndio unaoamua hatima ya kifaa kizima. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi ambazo hazina TPM 2.0 (sehemu ya usalama ndani ya kompyuta) au zina prosesa isiyo kwenye orodha ya Microsoft hazikubaliwi rasmi kupandishwa hadi Windows 11, hata kama kibodi na skrini zake bado ni kama mpya. Hakuna idadi ya miezi tangu ununuzi ambayo ingeweza kuitabiri siku hiyo.

Tena tarehe zenyewe huhama. CentOS 8, toleo la mfumo endeshi wa Linux, ilitoka mwaka 2019 ikitarajiwa kufika 2029, lakini Desemba 2020 ikatangazwa kwamba ingeishia tarehe 31 Desemba 2021, na ikawa hivyo. CentOS 7, kaka yake, ikaendelea kupata masasisho hadi tarehe 30 Juni 2024. Aliyekuwa ameandika 2029 na kufunga ukurasa alibaki na rekodi nadhifu isiyo ya kweli.

Njia niliyoiona inafaa ni kutumia sehemu za ziada ambazo Snipe-IT inakuruhusu kuziunda: moja ya tarehe ya mwisho wa msaada wa maunzi, nyingine ya mfumo endeshi, na ya tatu, ambayo wengi huisahau, ya siku ambayo tarehe hizo zilihakikiwa kwa mara ya mwisho. Sehemu hizo hutokea kwenye ripoti maalumu, ambayo unaweza kuitoa kama CSV na kuipanga upendavyo. Tahadhari za barua pepe kuhusu waranti na leseni zinazokaribia kuisha zinafanya kazi vizuri, nawe ndiwe unayeamua zitumwe siku ngapi kabla, lakini sehemu ulizoziunda mwenyewe hazimo humo. Kwa hizo itakubidi uweke kumbukumbu kwenye kalenda, au uandike skripti ndogo inayosoma data kupitia API (njia ya programu moja kuzungumza na nyingine), kazi ambayo fundi mwenye uzoefu kidogo anaweza kuimaliza kwa siku moja.

Kwa ofisi yenye vifaa mia chache na mtu mmoja aliye tayari kuzihakiki tarehe hizo kila robo mwaka, ningeichagua Snipe-IT tena, na kile kisanduku cha miezi ningekijaza kwa ajili ya mpango wa bajeti pekee.