Ukishuka Civitavecchia hujafika Roma: ziara za meli, bandari kwa bandari

Likizo ya Pasaka imeisha na malalamiko yenu yamenimiminikia. Dada mmoja wa Bremen kalipia watu wanne ziara ya "Roma na Vatikani kwa siku moja", Colosseum kaionea kwenye kioo cha basi. Kaka wa Reading kapelekwa Firenze, kapewa dakika hamsini za kuzunguka atakavyo, na nyingi zikaishia kwenye foleni ya choo. Mama mmoja wa Oslo ananiuliza kama ana haki ya kurudishiwa hela. Mama yangu, soma risiti vizuri: wamekuandikia "kutazama kwa nje". Hapo huna kesi.

Basi leo tuzungumze namna ya kununua ziara za nchi kavu kwenye ile safari ya meli ya wiki moja ambayo sisi tulioko Ulaya tunaikimbilia kwa sababu ya bei: Barcelona, Marseille, Civitavecchia, Napoli, Livorno, pengine Palma. Mambo ya viatu, mafuta ya jua na nyota za wateja mtayapata kwingine. Mimi nina swali moja ambalo wauzaji hawapendi kulijibu: miguu yangu itakaa chini, pale pale nilipolipia kwenda, kwa saa ngapi?

Udanganyifu unaanzia kwenye jina. Ratiba inaandika "Roma", meli inafunga gati Civitavecchia, zaidi ya kilomita 70 kutoka Roma. Inaandika "Firenze", unashuka Livorno, na Firenze yenyewe iko bara huko, karibu kilomita 90. Safari za kaskazini ndiyo balaa: "Paris" yao ni Le Havre, kama kilomita 200. Ni sawa na mtu akuandikie Morogoro halafu akushushe bandari ya Dar es Salaam, na nauli ya kufika Morogoro ujitegemee.

Tupige hesabu. Meli inafika Civitavecchia saa 1 asubuhi, inaondoka saa 1 usiku. Kwenye karatasi ni saa 12. Toa saa nzima ya kusubiri ruhusa ya kushuka na kutoka bandarini. Mwisho wa kupanda mara nyingi ni nusu saa hadi saa nzima kabla ya kuondoka. Toa saa nyingine. Mimi huongeza saa moja na nusu ya tahadhari, kwa sababu meli haimsubiri aliyejiendea mwenyewe. Zimebaki saa 8 na nusu. Kwa treni, ukijumlisha basi la bandarini na kusubiri stesheni, kwenda na kurudi kunakula saa 3 na nusu. Una saa 5 za Roma, zako mwenyewe.

Kwa basi la ziara, ile tahadhari huihitaji, nakubali. Lakini kuna kukusanyika ukumbini, kubandikwa stika yenye namba kifuani, kusubiri familia iliyorudi chumbani kuchukua kofia, barabara ya saa moja na nusu kwenda na nyingine kurudi kama foleni ya magari imewahurumia, chakula cha mchana cha pamoja, na duka la rozari ambalo hakuna aliyeliomba. Kwenye ziara iliyoandikwa "saa 9", ukipata saa 3 za kutembea utakavyo, shukuru Mungu. Ndiyo maana nawaambia muulizeni muuzaji mambo mawili tu, kwa maandishi: tunafika pale saa ngapi, na tunaondoka pale saa ngapi. Akianza kukuorodheshea mtakavyoviona badala ya kujibu, mwache hapo hapo.

Sasa niwapange.

Namba moja kwangu ni treni za mkoa za Trenitalia, zile zinazoitwa Regionale. Mtasema naipendelea. Naipendelea kweli, na hawanilipi hata senti. Civitavecchia, basi la bure la bandari linakutoa melini hadi Largo della Pace, na pale unapanda basi la mji hadi stesheni. Treni inafika Roma San Pietro kwa dakika 50 hivi, Termini, stesheni kuu ya Roma, kwa zaidi kidogo ya saa moja. Unaenda Vatikani? Shuka San Pietro, ni mwendo wa robo saa kwa miguu. Watu wengi wanapitiliza hadi Termini halafu wanarudi na metro, sijui nani anawafundisha. Tiketi ya kwenda ni chini ya euro 10, na bei ni ileile ukinunua mwezi kabla au dakika tano kabla. Ukiwa na tiketi ya karatasi, igonge kwenye mashine kabla ya kupanda, la sivyo mkaguzi atakutoza faini na Kiitaliano chako cha "sikujua" hakitakusaidia.

Kasoro yake ni migomo. Ukiona neno sciopero limetangazwa kwa siku yako, badili mpango mara moja. Sheria yao inalinda treni za mkoa siku za kazi kuanzia saa 12 hadi saa 3 asubuhi, na tena saa 12 jioni hadi saa 3 usiku. Tazameni hizo saa vizuri: zile za asubuhi zitakupeleka Roma, na za jioni zitakurudisha meli ikiwa inakwenda zake. Migomo hutangazwa siku kadhaa mbele, kwa hiyo aliyekwama siku hiyo hakuangalia.

Namba mbili ni ziara za meli yenyewe. Ni ghali na zina stika, lakini zina jambo moja la maana: basi lao likichelewa, meli inawangoja. Nazinunua siku ya mgomo, bandari ambayo meli inakaa kwa muda mfupi, au tukiwa na mzee mwenye magoti mabovu. Kwa Le Havre pia, kama roho yako imeng'ang'ania Paris, panda basi lao. Mimi ningevuka daraja la Normandie niende Honfleur, karibu kabisa, nikae pale bandari ya zamani siku nzima.

Namba tatu, gari dogo lenye dereva, mkiwa familia ya watu sita au wanane. Mkigawana bei inakuwa ya kibinadamu, na hakuna wa kumsubiri ila shangazi yenu. Mjue tu kwamba Italia dereva si mwongoza watalii. Atawafikisha mlangoni na kuwangoja. Wa kuwaelezea ndani ana leseni yake na bei yake. Hapa ndipo wengi hugombana na dereva bure.

Yale mabasi ya ghorofa ya kupanda na kushuka ni ya bei nafuu, na utaona mji. Yatoshe hayo.

Tushuke bandari sasa. Napoli ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa sababu watu wanalipia ziara mahali ambapo meli imeegeshwa katikati ya mji. Unatoka Stazione Marittima, ngome ya Castel Nuovo iko mbele yako. Tembea. Ingia vichochoro vya Spaccanapoli, kula pizza, nenda Makumbusho ya Akiolojia ukaone vilivyofukuliwa Pompeii (hufungwa Jumanne), rudi ulale. Kama ni lazima Pompeii, chukua metro kutoka Municipio hadi Garibaldi, halafu treni ya Circumvesuviana hadi Pompei Scavi – Villa dei Misteri, kiasi cha dakika 40 hivi, na lango liko hatua chache kutoka stesheni. Treni hiyo si Trenitalia, na inaonekana: imejaa, ina joto, na mkoba uvae mbele. Tiketi nunua mapema, kwa sababu tangu Novemba 2024 wanaruhusu watu 20,000 kwa siku na tiketi inabeba jina lako. Beba maji. Volkano ya Vesuvius iliufunika mji ule mwaka 79 na hadi leo kivuli ni haba. Capri msiende siku ya meli: bahari ikichafuka boti zinasitishwa, na wewe uko kisiwani.

Livorno ni bandari ya mizigo, huruhusiwi kukatiza kwa miguu, na basi la kukufikisha mjini linalipiwa. Hata hilo nalo! Kutoka Livorno Centrale, Firenze ni kama saa moja na nusu, Pisa dakika 20 au pungufu. Ile ziara ya "Firenze na Pisa" kwa siku moja msiinunue hata mkipewa punguzo, ndiyo iliyommaliza kaka yetu wa Reading. Chagua mmoja. Firenze Jumatatu haina maana kubwa kwa sababu majumba ya sanaa ya Uffizi na Accademia, iliko sanamu ya Daudi ya Michelangelo, zimefungwa. Ninachokipenda mimi ni Pisa na Lucca. Ona ule mnara ulioinama wa Pisa, piga ile picha ya kuusukuma kwa mkono, kisha panda treni Pisa San Rossore, stesheni iliyo karibu na mnara kuliko ile kuu, na kwa nusu saa hivi uko Lucca. Kuta za mji ule unatembea juu yake, kilomita 4 hivi mzunguko mzima, chini ya miti, na watoto wanaendesha baiskeli.

Barcelona kuna basi la bandari hadi kwenye sanamu ya Columbus chini ya La Rambla, kutoka hapo metro. Kanisa la Sagrada Família unanunua tiketi ya saa maalumu kwenye tovuti yao wenyewe. Palma, basi la mji hadi kanisa kuu. Marseille gati liko mbali na Vieux-Port, ile bandari ya zamani mjini. Usijaribu kutembea kwa miguu, na ukishafika panda hadi kanisa la Notre-Dame de la Garde, basi.

Wenye pasipoti za Tanzania, Kenya au Uganda, jambo moja. Meli ikipita Tunis, umetoka Schengen. Viza ya kuingia mara moja haitakurudisha.

Nimalize na hawa mawakala wetu wa kwenye makundi ya WhatsApp. Mtu anawauzia "kifurushi chenye ziara zote", pesa mkononi, risiti hakuna, na mkifika gatini mnaambiwa mtafute mwanamke mwenye mwavuli wa njano. Ukimuuliza anakujibu "sisi ni ndugu". Udugu huo uko wapi bei inapokuwa mara tatu? Na si Waswahili tu. Mwaka 2025 mamlaka ya ushindani ya Italia iliwatoza faini ya karibu euro milioni 20 kwa jumla aliyekuwa mwendeshaji wa tiketi za Colosseum na kampuni za ziara, kwa sababu tiketi za bei ya kawaida zilikuwa zikimalizwa na wauzaji, wengine kwa programu za kompyuta zinazonunua zenyewe, halafu zinauzwa tena pamoja na "huduma". Tiketi za Colosseum huanza kuuzwa kama siku 30 kabla. Weka kengele kwenye simu.

Na kuna anayewauzia "kiingilio" cha Basilika ya Mtakatifu Petro. Kuingia kule ni bure. Unachohitaji ni kufunika mabega na magoti na kupanga foleni ya ukaguzi. Jumatano Papa akiwa na hadhara uwanjani, hufungwa asubuhi, kwa hiyo angalia meli yako inafika siku gani kabla hujamtumia mtu hela.