dpkg-architecture: kazi safi, majina ya kuchanganya

Nyota nne kati ya tano. Nyota moja imekatwa kwa sababu ya majina tu.

Anayetengeneza vifurushi vya .deb (vya Debian na Ubuntu) hapa Dodoma mara nyingi ana laptop ya amd64 (prosesa za Intel na AMD za biti 64), na kifurushi kinakwenda kufanya kazi kwenye Raspberry Pi, tuseme ile ya kupima unyevu wa udongo kwenye shamba la zabibu Hombolo. Kazi ya kujua kifurushi kinajengwa kwa ajili ya prosesa gani mwachie dpkg-architecture, chombo kinachokuja ndani ya kifurushi cha dpkg-dev. Achana na uname -m, amri inayotaja aina ya prosesa kwa mujibu wa kerneli. Raspberry Pi OS ya biti 32 inaweza kuwa na kerneli ya biti 64. Ukiiuliza uname inakujibu aarch64, yaani ARM ya biti 64 (Debian huiita arm64), kumbe programu zote zilizomo ni armhf, yaani ARM ya biti 32. Hapo msimbo wa biti 64 unapewa kompaila ya biti 32, na ujenzi unakwama.

Matumizi yenyewe ni mistari michache, juu kabisa ya debian/rules, faili linaloeleza jinsi kifurushi kinavyojengwa:

include /usr/share/dpkg/architecture.mk
ifeq ($(DEB_HOST_ARCH),arm64)
export DEB_CPPFLAGS_MAINT_APPEND = -DTUMIA_NEON
endif

Usiongeze armhf kwenye sharti hilo. NEON, maagizo ya prosesa ya kukokotoa namba nyingi kwa mpigo, ni ya lazima kwenye arm64, lakini armhf ya Debian haiidai. Ukimaliza kujenga, tafuta -DTUMIA_NEON kwenye logi; isipoonekana, Makefile ya programu imepuuza CPPFLAGS, yaani vigezo unavyoipa kompaila.

Sasa majina. DEB_BUILD_ARCH ni mashine inayojenga, ile iliyo mbele yako. DEB_HOST_ARCH ni ile itakayoendesha programu. Ukizichanganya hakuna kitakacholalamika maadamu unajenga na kuendesha kwenye prosesa ya aina moja, kwa kuwa zote mbili zinasema amd64. Kosa linafumuka siku ya kujengea arm64 kwenye laptop ya amd64, kwa dpkg-buildpackage -aarm64 -b -us -uc. Amri hiyo inahitaji crossbuild-essential-arm64, na maktaba za arm64 zinahitaji kwanza dpkg --add-architecture arm64, kisha apt update. Pakua ukiwa penye Wi-Fi ya maana, vinginevyo bando litakwenda lote.

Kabla ya kubuni makro yako, kama TUMIA_NEON ya hapo juu, angalia kompaila inazo zipi tayari:

aarch64-linux-gnu-gcc -dM -E - < /dev/null

Utaikuta __aarch64__. Utaikuta pia __CHAR_UNSIGNED__, na hiyo ndiyo yenye kisirani: kwenye ARM, char haibebi namba hasi. Msimbo unaoweka jibu la getchar() ndani ya char kisha kulilinganisha na EOF (alama ya mwisho wa faili, ambayo ni namba hasi) unasimama vizuri kwenye laptop, ila kwenye Pi unazunguka bila kukoma. Dawa ni kubadili char iwe int. Kigezo cha -fsigned-char ni kiraka tu.

Kitu kingine ambacho chombo hiki hakitakukamatia ni -march=native (inayoiambia kompaila ilenge prosesa ya mashine inayojenga) iliyojificha ndani ya CMakeLists.txt. Kifurushi kinajengwa bila neno, kinasakinishwa bila neno, halafu kwenye kompyuta ya zamani kidogo kinakufa na "Illegal instruction". Itafute kwa grep na uifute.