Kongamano la haijini ya kazi Kisumu: warsha nyota nne, ukumbi mkuu nyota mbili

Nianze na jina lenyewe, maana hapo ndipo waajiri wengi hupotea. Haijini ya kazi si kufagia karakana wala kusugua vyoo. Ni kupima vumbi, gesi, kelele, joto na kemikali zinazomfikia mfanyakazi, kulinganisha na kikomo kilichowekwa, kisha kuzipunguza. Ukimwomba meneja ada ya kongamano kwa jina la "usafi kazini", atamtuma msimamizi wa mafagio.

Kulikuwa na kongamano la kimataifa la siku tatu, na warsha ya siku moja kabla yake inayolipiwa kando. Kama mfuko unaruhusu kimoja, lipia warsha. Ukumbini ni takwimu za dunia, picha za helmeti na slaidi zenye maandishi madogo kama ya mkataba wa mkopo. Kwenye warsha kila mtu alishika kifaa kwa mkono wake.

Meza ya pampu za kupimia vumbi ndiyo iliyobeba siku. Pampu hukaa kwenye mshipi wa mfanyakazi, mpira wa kupitisha hewa hupita mgongoni, na kichwa cha kukusanyia vumbi hubanwa kwenye kola, ndani ya sentimita 30 kutoka puani na mdomoni. Kichwa cha aina iitwayo IOM, cha vumbi lote linaloweza kuingia puani au mdomoni, huendeshwa kwa lita 2.0 kwa dakika. Saikloni, yaani kichwa kinachozungusha hewa ili punje kubwa zianguke, ya aina ya Higgins-Dewell, ya vumbi laini linalofika ndani kabisa ya mapafu, huendeshwa kwa lita 2.2. Pampu hupimwa mtiririko ikiwa imeunganishwa na kichwa cha aina ile ile chenye filta ndani, kwa sababu filta huongeza ukinzani. Filta ya kupimia mtiririko isiwe ile itakayopelekwa maabara. Jioni pima tena. Vipimo viwili vikipishana kwa zaidi ya asilimia 5, sampuli hiyo haifai. Mara nyingi kisa ni mpira uliobanwa dereva wa forklift alipoketi, betri iliyozeeka, au filta iliyoziba. Kwenye kinu cha unga filta huziba upesi kuliko unavyodhani, kwa hiyo pitia pampu kila baada ya saa moja au mbili, usingoje jioni.

Saikloni nayo isipinduliwe, hata unapoifungua. Punje kubwa zilizoanguka kwenye kikombe cha chini zitarudi kwenye filta, na utaripoti vumbi ambalo halikufika kwenye pafu la mtu. Niliona washiriki watatu wakiigeuza ili wasome namba iliyoandikwa chini yake.

Sasa kasoro iliyonikera. Mtiririko ulipimwa kwa rotamita, ile bomba ya kioo yenye kitufe kinachoelea, iliyosawazishwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Kisumu iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na Nakuru karibu mita 1,850. Hewa ya huku ni nyepesi zaidi, kwa hiyo hewa nyingi zaidi inahitajika ili kitufe kipande hadi alama ile ile. Rotamita ikisoma 2.0 Kisumu, pampu inavuta takriban 2.14. Nakuru inavuta karibu 2.24, yaani asilimia 12 juu, wakati tofauti yote tunayoruhusu ni asilimia 5. Hakuna aliyelitaja hilo hadi mshiriki mmoja alipouliza.

Chukua filta iliyoongezeka uzito wa miligramu 0.86 baada ya dakika 480 katika kiwanda cha Nakuru. Ukiamini rotamita, umevuta lita 960, na jibu ni miligramu 0.90 kwa mita moja ya ujazo. Ukirekebisha, umevuta lita 1,075, na jibu ni 0.80. Kwa kichwa cha IOM unamwonea mwajiri. Kwa saikloni mambo yanageuka zaidi: mtiririko ukizidi, saikloni hutupa kikombeni hata punje laini zilizopaswa kufika kwenye filta, na hapo anayeweza kuonewa ni mfanyakazi. Kwa machimbo ya diatomaiti ya upande wa Gilgil, au kwa wakata mawe, silika, madini ambayo vumbi lake huharibu mapafu, si kitu cha kukisia hivyo. Dawa ni mbili: tumia kipimo cha pistoni au cha povu la sabuni, ambacho husoma ujazo halisi wa hewa ya mahali ulipo, au zidisha usomaji wa rotamita kwa kipeuo cha pili cha uwiano wa shinikizo la hewa la kule iliposawazishwa na la hapa.

Unyevu wa ziwani ulitajwa, nashukuru. Filta zikae katika chumba cha mizani usiku kucha kabla ya kupimwa uzito, mara zote mbili, yaani kabla na baada ya kukusanya vumbi, na ubebe filta tupu moja kwa kila sampuli kumi, zisipungue mbili. Hizo tupu ndizo zinazokuonyesha ni uzito gani ulioletwa na unyevu.

Meza ya kelele ilifundishwa vizuri kuliko zote. Kanuni zetu za Kenya za mwaka 2005 zinaweka kikomo cha desibeli 90 kwa wastani wa saa 8, na ukivuka 85 mwajiri lazima awe na mpango wa kulinda usikivu. Dosimita nyingi, vile vifaa vya kupima kelele anavyovaa mfanyakazi, zinatoka dukani zikiwa na mpangilio wa Kimarekani, ambapo muda unaoruhusiwa hupungua nusu kwa kila ongezeko la desibeli 5. Wastani halisi wa nishati ya sauti unataka 3. Fundi wa jua kali anayesaga chuma kwa saa moja kwenye desibeli 100, kisha akashinda mahali patulivu, atasomeka 91 kwa mpangilio wa 3 na 85 kwa mpangilio wa 5. Ni fundi yule yule na masikio yale yale, ila ripoti moja inasema kikomo kimevukwa na nyingine inasema hapana. Fungua menyu ya kifaa kabla ya kumvisha mtu, kisha kikague kwa kalibreta, kifaa kinachotoa sauti ya kiwango kinachojulikana, ya desibeli 94 au 114, asubuhi na jioni.

Jaribio la barakoa lilikuwa la haraka mno. Walimpulizia mshiriki mwenye ndevu, aliyevaa barakoa, dawa chungu chini ya kofia ya plastiki, akaonja uchungu mara moja, yaani barakoa inavuja, watu wakacheka, basi. Mazoezi yenyewe ya kugeuza kichwa, kuinama na kuzungumza, dakika moja kwa kila zoezi, hayakufanywa. Vizibo vya masikio angalau vilionyeshwa sawasawa: sokota kiwe chembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa upande wa pili, ingiza, shikilia sekunde 20 hadi 30 kitanuke.

Kuhusu cheti, usidanganyike. Cheti cha kuhudhuria hakikufanyi mkaguzi aliyeidhinishwa na DOSHS, idara ya serikali ya usalama na afya kazini, wala hakilingani na kozi ya 501 (zamani W501) ya OHTA, chama cha kimataifa cha mafunzo ya haijini ya kazi, ambayo ni siku tano na mtihani juu. Waandalizi waliliacha hilo likining'inia, na wapo walioondoka wakidhani wamepata leseni.

Kwenye meza za wauzaji, muulize pampu inasawazishwa wapi na inachukua wiki ngapi kurudi. Muuzaji mmoja alikiri kwamba zake hupelekwa nje ya nchi. Kama una pampu mbili tu na ukaguzi wa kila mwaka unakaribia, jibu hilo ni zito kuliko bei. Na kama unatoka Nakuru, safiri jioni ya kabla kupitia Kericho, kwa sababu meza ya pampu huanza saa mbili asubuhi na hairudiwi.