Ramani ya Italia ya kupapasa kwa vidole: inunue, ila ujue imeacha nini

Wenzangu mnaoongoza watalii, hasa mnaopokea Waitaliano uwanja wa ndege wa JKIA, Nairobi, na kuwashusha Mara, Amboseli au Malindi, ramani hii inunueni. Walimu wa jiografia na historia nao wainunue. Kuna mambo mawili yaliyonikera ndani yake, na nitayasema bila kuyapunguza, lakini yangu haitoki ukutani.

Ni ramani ya plastiki iliyofinyangwa, ile ambayo milima imeinuka na mabonde yamezama. Skeli yake ni 1:1,250,000, yaani sentimita moja ukutani ni kilomita 12.5 ardhini, kwa hiyo kutoka mpaka wa Austria hadi ncha ya kusini ya Sicilia inakula karibu mita nzima ya ukuta. Maandishi yote ni ya Kiitaliano. Pembeni kuna orodha ya mikoa 20 na mfululizo wa tarehe za historia. Nililipa shilingi 4,800 katika duka dogo la ramani na vifaa vya shule, ghorofani, upande wa chini wa Moi Avenue. Mzee wa duka aliniambia, "Mama, papasa kwanza, pesa baadaye." Huo ndio ushauri ninaowapa na nyinyi.

Nilivyofanya: niliweka kidole Genova, nikakiburuta kuelekea kusini. Kidole hakikushuka mlimani mpaka Calabria, kwenye ncha ya kiatu, maana Italia ina umbo la kiatu. Hiyo ndiyo safu ya Appennini, kilomita zipatazo 1,200. Si mirefu sana. Kilele chake cha juu kabisa, Corno Grande, ni mita 2,912, na mtu aliyekulia Nyeri akiitazama Aberdare kila asubuhi hawezi kushtuka. Lakini mirefu au mifupi, imeikata nchi vipandevipande. Kila bonde limejifungia, kila mji umekaa juu ya kilima chake ukiutazama mwingine kwa mbali.

Hapo ndipo nilipowaelewa wageni wangu. Muulize Mwitaliano anatoka wapi. Ni nadra aseme Italia. Atasema Bergamo. Atasema Lecce. Nimewahi kubeba ndani ya gari moja watu wa Siena na watu wa Firenze, na njia nzima kutoka Narok hadi lango la Sekenani walikuwa wakibishana, kwa mapenzi kabisa, kuhusu vita ambavyo babu zao walipigana karne ya 13. Siena kwenyewe bado kuna mitaa 17, kila mmoja na bendera yake, na kumi kati yake hushindana kwa farasi katikati ya mji tarehe 2 Julai na 16 Agosti. Mtoto huzaliwa tayari ana mtaa wake wa kushangilia.

Miji hii ilikuwa na watawala wake, sarafu zake na majeshi yake. Ufalme wa Italia ulitangazwa Torino tarehe 17 Machi 1861, na hata hapo Roma haikuwamo. Iliingia kwa mizinga tarehe 20 Septemba 1870. Ukipiga hesabu, Italia kama dola moja inaizidi Nairobi yetu ya 1899 kwa miaka 38 tu. Mimi nilidhani nchi ya Warumi imekuwa moja tangu enzi za Kaisari, na nadhani wengi wetu ndivyo tulivyofundishwa.

Ramani hii inakuonyesha pia kwa nini Garibaldi, jemadari aliyepigania kuiunganisha Italia, alipita baharini. Mwaka 1860 aliondoka Quarto, karibu na Genova, na watu wa kujitolea wapatao 1,000, akateremka Marsala, magharibi mwa Sicilia, tarehe 11 Mei. Kwa nchi kavu angepitaje? Katikati ya kiatu, kutoka pwani hii hadi ile, ilikuwa nchi ya Papa, na mlima umesimama juu yake. Ukipapasa unaona njia ilikuwa maji tu. Kitabu kinaweza kukueleza hayo kwa kurasa nyingi. Plastiki hii inakuambia kwa sekunde.

Lugha nayo ni vivyo hivyo. Kiitaliano ninachokizungumza kazini kimetokana na Kitoskana, lugha ya Firenze, alikozaliwa mshairi Dante, aliyefia uhamishoni Ravenna mwaka 1321. Nchi ilipounganishwa, waliokitumia nyumbani walikuwa wachache sana. Wengine wote walikuwa na Kisicilia chao, Kinapoli chao, Kivenezia chao. Mkenya hahitaji kufafanuliwa jambo hilo. Nikiwaambia wageni kwamba nyumbani tunaongea Kikuyu, sokoni Kiswahili, ofisini Kiingereza, Waingereza hushangaa. Waitaliano wazee hutikisa kichwa tu, kisha huanza kunisimulia lugha ya nyanya zao.

Ukipanda juu, kidole kinadondoka ghafla kwenye tambarare ya mto Po. Mto wenyewe ni kilomita 652, haufiki Tana wetu, lakini ardhi iliyo kandokando yake ndiyo ghala la nchi: mpunga wa Vercelli na Novara, mahindi, ng'ombe wa maziwa. Ndiyo maana watu wa kaskazini hupika kwa siagi na watu wa kusini kwa mafuta ya zeituni. Ng'ombe wanataka malisho, mzeituni unataka jua na miamba. Ndiyo maana pia watu wa Veneto ninaowapeleka kula pale Narok huwa hawaulizi ugali ni nini. Wana polenta, unga wa mahindi uliosongwa, na baadhi yao huukata kwa uzi ukishapoa. Mgeni mmoja, mwalimu mstaafu, alinieleza kwamba katika karne ya 18 na ya 19 maskini wa huko waliokula polenta peke yake, bila nyama wala mboga, walipatwa na pelagra, ugonjwa wa kukosa vitamini fulani: ngozi huchubuka, tumbo huharibika, mwisho akili huvurugika. Mahindi yalitoka Amerika, lakini ile hekima ya Wameksiko ya kuyachemsha kwa chokaa haikuvuka bahari pamoja nayo. Tangu siku hiyo ninapoona sahani ya ugali isiyo na sukuma karibu, huwa namkumbuka.

Sasa njooni kwenye mtelemko wa Mai Mahiu, maana hapo ndipo ramani hii hunisaidia zaidi kazini. Nina picha yake kwenye simu. Tukisimama pale juu, Longonot mbele yetu, huwaambia wageni kwamba chini ya miguu yao ardhi inavutwa pande mbili. Kwao ni kinyume: bamba la Afrika linasukuma kaskazini, linakutana na la Ulaya, na msukumo huo ndio ulioinua Alpi mpaka Monte Bianco ikapita mita 4,800. Msukumo huohuo ndio unaotikisa miji yao. Messina tarehe 28 Desemba 1908 iliangamia na makumi ya maelfu ya watu. L'Aquila tarehe 6 Aprili 2009 ilipoteza watu 309, na nimewahi kubeba familia iliyotoka huko. Sikuhitaji kuwafafanulia neno lolote. Kwenye ramani, Vesuvio ni kijipu kidogo cha mita 1,281. Kipapase, kisha utazame jinsi Napoli ilivyokizunguka. Pompei ilifunikwa mwaka 79, na mlipuko wa mwisho ulikuwa 1944. Watu wapo palepale.

Chini ya mtelemko huo kuna kile kikanisa kidogo ambacho wafungwa wa kivita wa Kiitaliano walikijenga mwaka 1942 walipokuwa wakichonga barabara. Wageni huingia, hutoka kimya, na swali huwa ni lilelile: wafungwa hawa walifikaje hapa?

Hapa ndipo ninapogombana na waliochapisha ramani. Mfululizo wa tarehe pembeni unatoka kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia vilivyoisha 1918, unaruka, unatua kwenye kura ya tarehe 2 Juni 1946 iliyomwondoa mfalme na kuleta jamhuri. Katikati hakuna kitu. Mussolini kushika madaraka Oktoba 1922, hakuna. Kuivamia Ethiopia tarehe 3 Oktoba 1935, na gesi ya sumu iliyomwagwa juu ya wapiganaji na wanavijiji, hakuna. Hata vita vya Adwa, tarehe 1 Machi 1896, mfalme Menelik wa Ethiopia alipolishinda jeshi la Italia, havimo. Moyale yetu ilitekwa na Waitaliano mwaka 1940; vijana wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza) kutoka vijiji vyetu wakavuka mpaka mwaka uliofuata kupigana hadi Ethiopia. Wafungwa wa Mai Mahiu walitoka kwenye vita hivyo. Ramani inayouzwa kama ya "historia na utamaduni" haina haki ya kuruka miaka 28 hiyo, na inapouzwa Nairobi kosa linakuwa kubwa maradufu.

La pili ni Lampedusa. Wamekitia kisiwa hicho, pamoja na Pantelleria, ndani ya kisanduku kwenye kona, ili karatasi itoshe. Matokeo yake, mtoto anayetazama hawezi kujua kwamba Lampedusa iko karibu zaidi na Tunisia kuliko Sicilia. Tarehe 3 Oktoba 2013 watu 368 walizama karibu na kisiwa hicho, wengi wao Waeritrea. Kisanduku kinaifuta bahari waliyoivuka. Wangeipunguza Austria kule juu, nafasi ingepatikana.

Nasema haya kwa sababu naipenda nchi hiyo, na uhusiano wetu nao si wa vita peke yake. Nyanya yangu kule Nyeri alifundishwa kusoma na masista wa Consolata, ambao shirika lao lilianzishwa Torino mwaka 1910 na Giuseppe Allamano; lile la kwanza, la mapadre, alilianzisha mwaka 1901, na wamisionari wake wakaingia nchi ya Wakikuyu mwaka uliofuata. Nimeitafuta Anfo, kijiji cha Sista Irene Stefani, yule ambaye wazee walimwita Nyaatha na akatangazwa mwenyeheri Nyeri mwaka 2015. Kijiji hakimo, ni kidogo mno. Ziwa Idro lililo kando yake limo, na milima imelibana pande zote. Alitoka kwenye mabonde kama yale, akaja kupanda na kushuka matuta ya Gikondi.

Na wapo akina Felice Benuzzi. Januari 1943 yeye, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti walitoroka kambi ya wafungwa wa kivita wa Kiitaliano Nanyuki, si ili kukimbia vita bali kuupanda Mlima Kenya. Ramani hawakuwa nayo. Walikuwa na picha ya mlima kwenye lebo ya mkebe wa chakula. Barsotti alibaki chini akiwa mgonjwa, wawili wakafika kilele cha Lenana, mita 4,985, wakaacha bendera yao, kisha wote watatu wakarudi kambini kwa miguu yao wenyewe na kupewa kifungo cha siku 28. Ukishaipapasa Alpi kwa kiganja unaelewa kiu yao. Benuzzi alikulia Trieste, milima iko mlangoni.

Kuhusu bidhaa yenyewe: plastiki ni nyembamba, kona hujikunja, na yangu ilikuwa na kibonyeo upande wa Sardegna. Mzee alikiona kabla yangu, akanipunguzia shilingi 300 bila kuombwa. Rangi inang'aa, kwa hiyo usiitundike mkabala na dirisha. Vumbi hukaa mabondeni. Brashi laini inatosha, kitambaa chenye maji kitafuta majina madogo. Mwinuko umezidishwa mara nne, ufunguo wa ramani unasema hivyo wazi, basi usimwambie mgeni kwamba miteremko ya kwao ni mikali kiasi hicho. Haikunjiki: ukipanda matatu saa za jioni itavunjika, kwa hiyo nenda Jumapili au ulipie bodaboda anayejua kubeba vioo.

Upande wa kulia nimebandika karatasi yenye tarehe zilizokosekana, kuanzia Adwa hadi kurudi kwa Haile Selassie Addis Ababa tarehe 5 Mei 1941. Mwalimu atakayeinunua afanye vivyo hivyo kabla ya kuipeleka darasani. Mzee wa duka aliisoma orodha yangu, akaomba nakala ya kuwapa wateja wengine, na nimempelekea.